Mama Rehema Alipokanyaga Breki

Usiku ule nililala na mikono inayonuka mafuta ya breki. Nilikuwa nimeinawa kwa sabuni ya unga, nikaisugua kwa majivu, na bado harufu ilinipanda puani kila nilipovuta shuka. Chumba cha pili mdogo wangu Shekue alikuwa anakohoa, ananyamaza, anakohoa tena. Kukipambazuka nilitaka kumteremsha Tanga, hospitalini.

Nieleze kwanza hali ilivyokuwa, maana ndoto isiyo na hali yake ni porojo. Shekue alikuwa na uvimbe tumboni. Safari iliyopita daktari alituketisha wote wawili, akasema kilichobaki ni dawa za kutuliza maumivu, na hizo mgonjwa anaweza kuzinywea nyumbani kwake. Shekue akamshukuru. Mimi nikatoka pale nikisema huyu hajui kitu, yupo daktari mwingine, tutakwenda kwa huyo mwingine. Sijawahi kuwa mtu wa kuambiwa basi nikakubali. Kwenye basi la abiria Shekue hawezi kukaa, tumbo linamuuma kila tuta, kwa hiyo namlaza nyuma ya pikapu yangu, juu ya godoro, na turubai juu.

Hiyo pikapu niliinunua kwa muuza samaki wa Tanga. Miaka yote aliyokuwa nayo, maji ya chumvi yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye matenga mpaka chini ya bodi, na chumvi ikala kila bomba lililopita huko. Marehemu mke wangu, mama Rehema, alikuwa akiiita shemeji wa samaki. Alisema mvua ikinyesha paka wa Lushoto nzima wanatufuata kama tumewaalika. Sasa ni mwaka wa pili tangu tumzike, na paka bado wanakuja.

Siku ile fundi Mhina alishinda chini ya gari. Alipiga brashi ya waya kwenye bomba la breki ili aone pa kuunga, na pale pale alipopiga pakatoboka. Akakata, akaunga. Nikakanyaga breki, likapasuka mbele kidogo ya kiungo. Akasema mabomba yote ni ya kung'oa na kuweka mapya, na nati zake zimeshikana kwa kutu, ukizifungua zinakatika, kwa hiyo ni kazi ya wiki nzima. Nikamwambia Shekue hana wiki. Huku kwetu bomba likivuja njiani fundi hulikunja ncha, akalipiga nyundo likabanana, na tairi hilo linatembea bila breki mpaka ufike nyumbani. Bomba la tairi moja la nyuma lilikuwa limeshakunjwa hivyo zamani. Nikamwambia akunje na la pili.

Mhina akatoka chini ya gari, akajifuta mikono. "Mzee wangu, ule ni mteremko wa Soni," akasema. "Na ya mbele yenyewe yameoza. Hili gari ni sikio la kufa."

"Kunja," nikamwambia.

Akakunja, akaondoka bila kuaga.

Basi nikalala. Na katika kulala nikaiona pikapu iko uani, mchana mweupe, imepandishwa juu ya mawe, na mimi niko chini yake nimelala chali. Nikaona ndala za bluu zinakuja. Nikaona pindo la kanga. Mlango ukafunguliwa, gari likainama kidogo upande wa usukani, nikajua ni mama Rehema amekaa. Sikushangaa hata kidogo. Ndiye aliyekuwa akikaa pale siku zote za uhai wake nilipotaka kutoa upepo kwenye breki, maana kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mmoja yuko chini na spana, mmoja yuko juu anakanyaga. Alikuwa akipanda na ungo wake wa mchele, akawa anachagua mawe huku mguu unafanya kazi yangu.

"Kanyaga," nasema.

Anakanyaga. Nasema shikilia, anashikilia. Nafungua nati, na badala ya mafuta yanatoka maji ya kutu, mekundu, kisha maji ya samaki, na harufu yake inajaa ua mzima. Nafunga. Nasema achia, kisha kanyaga tena. Juu yangu nasikia mchele unarushwa kwenye ungo, taratibu, shwa, shwa.

"Inazama, baba Rehema," anasema.

Namwambia akanyage tena. Pedali inashuka mpaka chini, na inapofika chini haisimami. Mguu wake unatokeza kwenye sakafu ya gari, una hina, unapita karibu na shavu langu, wa baridi. Unaingia kwenye udongo. Nataka kuushika, lakini mikono yangu ina mafuta na unateleza.

Kisha tuko njiani. Sikumbuki kuondoka. Mimi ndiye niliyeshika usukani, yeye yuko kando yangu na ungo mapajani, na tunateremka Soni. Gari haliendi mbio. Ingekuwa mbio ningepiga kelele. Linakwenda polepole, mwendo wa mtu anayetoka shambani, ila halisimami. Nakanyaga na pedali ni tupu. Wauza kabichi wanapita, maporomoko ya maji yanapita bila mlio. Kwenye kioo namwona Shekue juu ya godoro, turubai halipo, anatazama mawingu. Namwambia ashike ubao wa pembeni. Hashiki kitu chochote.

Tunapita lango la hospitali. Daktari amesimama langoni, anatupungia mkono kama anayeaga wageni, na gari linapita. Linakuja lango jingine na daktari mwingine, naye anapunga. Nakanyaga kwa miguu yote miwili. Mama Rehema anatoa jiwe kwenye mchele, analitupa dirishani.

"Umemuuliza?" anasema.

"Nimuulize nini?"

"Kama anataka kwenda."

Namwambia mgonjwa haulizwi. Zamani angenicheka, angeniambia mfa maji haachi kutapatapa, na angeigiza jinsi ninavyotapatapa mpaka na mimi nicheke. Mle ndani ya gari hakucheka, na hilo ndilo lililonivunja. Nikalia. Nililia kwa sauti, usukani mkononi, kilio ambacho siku ya kumzika yeye nilikibana kooni kwa sababu ya watu. Kila nilipofuta macho lilikuja lango jingine.

Nikifuta mara ya mwisho tuko uani tena. Gari liko juu ya mawe. Yeye ameinama penye mafiga, anamimina mchele kwenye sufuria, na sufuria si ya kwetu, ni ile kubwa ya kuazima msikitini. Anamimina na ungo hauishi.

"Mbona mchele mwingi hivyo?" nauliza.

"Watu watakuja," anasema.

Nikaelewa. Nikakaa chini pale pale kwenye madoa ya mafuta. Nikataka kumwambia azime moto, arudishe sufuria ya watu, ampe Shekue mwaka mmoja tu, hata miezi. Akaja akachuchumaa mbele yangu kama alivyokuwa akifanya nikikataa kula. Akanifuta mikono kwa pindo la kanga yake, kidole kimoja kimoja, na harufu ya breki ikatoka.

"Kunja na ya mbele," akasema.

"Nikiyakunja yote hili gari haliendi popote."

"Ndiyo, haliendi." Akasimama. "Kisha mtolee shemeji kiti, akae juani."

Nikamwona anarudi kwenye moto wake. Nikamwita, na sauti yangu mwenyewe ikaniamsha.

Kulikuwa kumepambazuka. Mikono yangu ilinuka vile vile, haikuwa imefutwa na mtu. Nilikwenda chumba cha pili nikamkuta Shekue amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti, amevaa viatu, na mfuko wake wa dawa mapajani. Alikuwa tayari kwa safari yangu. Koti lilimkaa kama limetundikwa.

"Shekue," nikasema, "unataka kwenda?"

Akanitazama. Akatazama mfuko. "Si wewe kaka unayetaka?"

"Nakuuliza wewe."

Akanichunguza kuona kama natania.

"Sitaki," akasema. "Hata ile safari iliyopita sikutaka. Zile kona zitaniua kabla ya ugonjwa, kaka, na ugonjwa utanidai." Akajaribu kucheka, kikohozi kikamkata.

Nikapiga magoti nikamfungua viatu. Miguu ilikuwa imevimba, kamba zimeingia kwenye nyama, na alikuwa amezifunga mwenyewe gizani ili nisisumbuke. Nilimwambia tu nakuja.

Nikachukua nyundo, nikaingia chini ya pikapu. Bomba la kwanza la mbele nilipoligusa tu lilikatika lenyewe, kavu, kama kijiti. Nililikunja hivyo hivyo. Nikakunja na la pili, nikaligonga mpaka likabanana, na mafuta yaliyobaki yakanichuruzikia usoni, nikayaacha. Nikajua kwamba siku moja watu watakuja, na kwamba sufuria nitakayokwenda kuiazima naijua ilipo.

Nilipotoka chini ya gari Shekue alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, peku, ameshika mwimo kwa mikono miwili. Jua lilikuwa bado halijafika uani. Nikatoa kiti, nikakiweka pale linapoanzia kufika.