Maganda ya Kahawa na Mbabula ya Shangazi

Mimi si mtu wa subira, lakini kazi yangu ni kusubiri vipimajoto viseme. Tunajaza maganda makavu ya kahawa ndani ya kuta za mbao na juu ya dari, halafu tunaangalia kama nyumba inazuia jua au baridi. Kule Beni, katika nyumba za mtaa wa Bungulu, maganda hayakutusumbua. Mchana watu hawakukimbia tena joto la bati lao kwenda kuketi kwa jirani. Butembo, ambako baridi ya milima hupenya kila ufa, ndiko yalikonipandisha hasira.

Nilichagua nyumba ya shangazi yangu, Vulamba, na sikuichagua bure. Kifua chake kilikuwa kibovu, na daktari alishamkataza kulala na mbabula, lile jiko lake la makaa, chumbani. Akiambiwa anaitikia, "Ndiyo, docteur," na jioni anawasha. Nilitaka maganda yamtoe kwenye moshi ule. Tukajaza chumba chake, na cha wageni tukakiacha vilevile ili tulinganishe.

Vipimajoto vyetu huhifadhi vyenyewe vipimo vya usiku, kwa hiyo nilivifuata mchana tu. Vikanikatisha tamaa. Usiku vyumba viwili vilikuwa sawa, kana kwamba maganda hayapo. Mkuu wangu akasema tuyatoe, tuyapeleke kwingine. Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa. Kuta zikibaki tupu, shangazi angewasha mbabula kila usiku, na moshi ungemmaliza.

Siku ya kuyatoa nilifika asubuhi na mapema, nimenuna. Nilipofungua chumba cha wageni, joto likanipiga usoni. Mbabula ilikuwa katikati ya sakafu, makaa bado mekundu chini ya majivu.

"Tantine, hii inafanya nini huku?" nikafoka.

"Mugeni anaweza fika saa yoyote," akasema, akinishangaa. "Nitamulalisha mu baridi? Batu batasema nini?"

"Na wewe unalala na moto gani?"

"Lakini mu chumba yangu hapana moto tena. Tangu muliweka ile maganda, moto ya nini?"

Niliketi kwenye kitanda cha wageni nikacheka hadi machozi yakanitoka. Kumbe chumba chenye maganda, bila kaa hata moja, kilikuwa kikilingana na chumba chenye mbabula! Sijawahi kufurahi hivyo kwa jaribio lililoharibika. Ndipo nikagundua jambo jingine: tulikuwa tumebishana muda wote ule, na shangazi hakuwa amekohoa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mgeni wake hakuwa amefika bado, na mwenyeji alishaanza kupona.

Maganda yakabaki, na kwa amri yake tukajaza chumba cha wageni pia. Mbabula siku hizi iko uani, inachoma mahindi. Nami nikienda kumwona nalala kule kwa wageni, nasikiliza upande wa pili wa mbao, na sisikii kikohozi.