Marehemu Niliowafuta kwenye Moduli ya Ndiva

Hasira yangu ya kwanza nilimmwagia mjomba. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya ndiva yetu kule kijijini Mamba, bwawa linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, shamba baada ya shamba. Kamati ilinunua kompyuta ndogo ya kufungua malango ya mifereji na kupima maji ya kila kaya. Programu niliandika mimi, nikiwa Same mjini.

Sehemu ngumu ilikuwa moduli, kipande cha programu kinachopakiwa ndani ya kiini cha mfumo endeshi wakati kompyuta inaendelea na kazi. Kompyuta ile ina prosesa nne. Ili zisigombanie hesabu moja, kila prosesa niliipa vihesabio vyake, dakika kwa dakika kwa kila kaya, kisha nikajumlisha. Shida ni kwamba mfumo hutengea moduli zote eneo dogo sana la kumbukumbu katika kila prosesa, na vihesabio ukivitangaza ndani ya moduli yenyewe, huko ndiko vinakobanana.

Mjomba akaleta orodha ya kaya. Nilipoisoma nilichemka. Walikuwemo waliohamia Dar es Salaam, walioachia mashamba msitu, na marehemu kibao. Kwetu jina halitoki kwenye zamu eti kwa sababu mwenyewe hayupo.

"Shikamoo mjomba. Hawa marehemu nao wanamwagilia?"

"Marahaba. Waandike wote. Zamu ya mtu haifutwi."

Nikawaandika huku nikisonya. Jumatatu nikapakia moduli, ikakataa: kumbukumbu ya prosesa haitoshi. Zamu zilikuwa zinaanza kesho yake asubuhi. Badala ya kutulia nisome nyaraka, nilifanya nilichokuwa nakitamani tangu mwanzo, nikafuta marehemu mmoja mmoja mpaka wakaisha. Moduli ikaingia bila neno. Nilijisikia nimewakomoa wazee wote wa kamati, na sitasema uongo, ilikuwa raha.

Jumanne saa mbili asubuhi mama akapiga simu. Tangawizi yake ilikuwa changa na jua lilikuwa kali. Zamu ikipita, anasubiri wiki nzima.

"Mwanangu, lango langu halijafunguka. Jirani kapata maji, mimi sijapata."

Nikatafuta jina lake kwenye orodha. Halikuwahi kuwemo. Shamba lile liliandikwa kwa jina la baba, na baba tulimzika zamani; nilimfuta pamoja na wengine nikidhani mama ana jina lake. Mama alikuwa anamwagilia kwa zamu ya mumewe miaka yote hiyo, na mimi, mtoto wao, sikujua.

Ndipo nikasoma nyaraka. Moduli inaweza kuomba vihesabio vyake inapopakiwa, kutoka eneo kubwa zaidi, na kuvirudisha inapoondolewa. Mistari michache tu ya kuandika. Nafasi ya watu wote ilikuwepo, wazima na wafu, sema mimi nilikuwa na haraka ya kumtafuta wa kumtoa. Nilipomaliza kumrudisha baba, ndiva ilikuwa imebaki matope.

Jumanne iliyofuata maji yalifika kwa mama yakakuta nusu ya tangawizi imekauka. Hakunigombeza. Kamati ilishamwambia jina la baba lilitoka kwenye orodha; aliuliza tu ni nani aliyemfuta.

Nikamwambia ni kompyuta, ilikosa nafasi. Akasema sawa, mashine ni mashine, na akanishukuru kwa kuitengeneza.