Plaizi ya Mama Mkwe

Kabla Maduhu hajagusa kifaa chochote cha kuvulia, ilibidi Épiphanie akiweke chini, arudi nyuma hatua kumi, ageuze uso, kisha akohoe. Hapo ndipo mkwewe alipotoka upande wa pili wa matete, akakiokota na kurudi alikotoka. Hilo la kukohoa lilikuwa wazo la Maduhu mwenyewe. Katika ukoo wake, Wasukuma wenye ng'ombe, mwanaume hapokei kitu kutoka mkononi mwa mama mkwe, hamtazami usoni, na akikutana naye njiani anampisha hata kama pembeni kuna miiba. Épiphanie hakuwa na ugomvi na adabu. Kwao pia, Warundi, mkwe ni mtu wa heshima. Ila hakuna aliyewahi kumwonya kwamba siku moja atamfundisha mtu kuvua huku amempa mgongo.

"Hiyo ni spoki ya baiskeli," alisema, akiwa ameelekea shamba la mahindi la jirani. "Umeiona?"

"Nimeiona, mama."

"Ncha yake nimeigonga ikawa bapa, nikaichonga kijino. Samaki akimeza ndoano mpaka ndani, unaufuata mshipi kwa hiyo spoki mpaka uikute, unasukuma mbele kidogo, inaachia. Usivute."

"Sivuti."

"Jana ulivuta."

Jana alikuwa amevuta kweli, na perege akatoka na matumbo yake yote. Goreth, mwenye mgahawa pale Ilembo, akamrudisha samaki huyo akisema wateja wake hawali mabaki ya fisi.

Épiphanie aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi, akaolewa humo humo, akapata uraia akiwa tayari ana mvi. Kuvua alifundishwa na baba yake. Mume alipofariki, watoto wakataka kula, naye akachukua ufito akaenda kwenye lambo lililo nje ya Ilembo, lambo la kunyweshea mifugo ambalo watu walidhani halina kitu zaidi ya tope. Walimcheka mwaka mmoja hivi. Baadaye wakaanza kumwagiza samaki.

Sasa kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kinakufa ganzi, na binti yake Joséline alikuwa ameolewa na mchungaji wa ng'ombe. Kaka yake Maduhu, Lukelesha, alikuwa ameamua kuhamishia mifugo kusini, Tunduru, ambako alisikia malisho bado yapo. Fuso la kupakia ng'ombe lilikuwa linakuja Jumatatu. Maduhu akienda, Joséline ataenda, na mjukuu Cletus, ambaye ndio kwanza ameanza kusema "bibi", ataenda kujifunza maneno mengine huko mwisho wa nchi. Joséline alimbembeleza mumewe hadi akakubali jambo moja: akiona anaweza kuishi kwa kuvua, atabaki. Alijipa wiki moja. Leo ilikuwa Jumamosi.

Na wiki yenyewe Maduhu aliianza vibaya. Siku ya kwanza alifika lamboni na begi jipya kutoka mjini Mpanda. Ndani yake mlikuwa na mizani ndogo ya kuning'iniza, kibano cha kumshikia samaki mdomo, kofia yenye neti ya kuzuia mbu, na glovu moja.

"Glovu moja?" Épiphanie aliuliza, maana begi lilikuwa limewekwa chini na yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya kulisogelea.

"Ndivyo zinavyouzwa, mama. Kwenye simu niliona video, vifaa kumi vya lazima kwa anayeanza kuvua."

"Huyo aliyesema anavulia wapi?"

"Sijui. Alikuwa anaongea Kizungu. Ana boti."

"Plaizi je, alisema?"

"Alisema. Mimi nikaona hiyo ni ya fundi umeme, nikaiacha."

Vifaa vya Épiphanie mwenyewe vilienea kwenye kopo la rangi: plaizi ya mdomo mrefu, ile spoki, kikata kucha kilichofungwa kamba ili kisipotee, kisu kifupi, kirungu cha mninga, kipande cha sabuni na tambara la kitenge. Miaka kumi na nane alikuwa nayo plaizi ile. Kwa plaizi hiyo ameng'oa ndoano, amebana vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi, amenyoosha ndoano zilizopinda na, mara moja, amemng'oa jirani jino. Angeambiwa aokoe kitu kimoja nyumba ikiungua, angeshindwa kuchagua kati ya plaizi na kuku.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, walikuwa pale pale: yeye upande huu wa matete na kopo lake, mkwe upande wa pili na ufito, kirungu na tambara. Hakuruhusiwa kuona. Aliufuatilia uvuvi wa mkwewe kama mtu anayesikiliza mpira redioni wakati timu yake inafungwa.

"Kimeanza kucheza," Maduhu alisema. Alimaanisha chelezo, kile kipande kinachoelea kwenye mshipi, ambacho Épiphanie alikuwa amekikata kwenye kandambili ya zamani.

"Kiache."

"Kimezama."

"Sasa inua. Inua, usitupe."

Maji yalipigwa kwa nguvu, na kwa mlio ule Épiphanie akajua kwamba huyo si perege. Huyo alikuwa kambale, na mkubwa. Mmoja wa namna hiyo angemtosha Goreth kwa mlo wa mchana, na Goreth angesema mbele ya watu wote wa mgahawa kwamba mkwe wa Mama Joséline ameiva. Alisogea karibu na matete bila kukusudia.

"Baba Cletus, umezungushia mshipi mkononi?"

"Nimezungusha, mama. Ana nguvu."

"Fungua. Huyo siyo ndama."

"Akikimbia je?"

"Fungua, nakwambia. Mvute taratibu mpaka kwenye nyasi, mfunike na tambara, mpige kirungu kichwani ndio umshike. Na umshike kichwani nyuma ya miiba yake, siyo—"

"Nimeshamshika mkia."

Épiphanie alifumba macho. Wiki nzima alikuwa akimwambia jambo hilo hilo. Lakini mtu aliyekua akiangusha ndama kwa kumkamata mkia hawezi kukiona kiumbe chenye mkia akakishika kwingine. Kulisikika kishindo, maji, kishindo tena.

"Mama," ilisema sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwa mwanaume mwenye mwili ule.

"Nini?"

"Ndoano imemwachia yeye. Imenishika mimi."

"Wapi?"

"Mkono wa kulia, chini ya kidole gumba. Imezama, imebaki shingo tu."

Épiphanie alishika plaizi na kuanza kuzunguka matete. Maduhu alisikia nyasi zikikatika.

"Msije, mama. Nyie msije."

"Unatoka damu."

"Mkinishika mkono, mimi nitakaaje hapa? Nitawapitiaje njiani kila siku? Nitakwenda tu huko Tunduru, mama, nisiwaone tena."

Alisimama. Alijua hatanii. Mtu huyu aliwahi kulala juu ya mti usiku kucha kule Mwese, kwa sababu nyumba pekee ya kujisitiri na mvua ilikuwa na shangazi wa mkewe. Angeweza kumponya kwa dakika mbili na kumpoteza kwa dakika hizo hizo, na Joséline na Cletus wakapakiwa nyuma ya fuso. Alitukana kwa Kirundi, polepole, akaurudisha mguu wake mahali pake, kisha akairusha plaizi juu ya matete. Hakukohoa.

"Ichukue kwa mkono wa kushoto," alisema. "Kata kwanza huo mshipi. Ndani ya plaizi, karibu na nati, kuna meno ya kukatia."

"Nimekata."

"Ndoano ina kijino cha kurudi nyuma. Ukiivuta ilikotoka itachana nyama. Kwa hiyo hatuvuti. Ishike shingo na plaizi, uisukume mbele, ifuate ilivyopinda, mpaka ncha itokee upande wa pili."

"Itoboe tena?"

"Itoboe tena."

"Mama, tungemngoja Joséline."

"Joséline yuko nyumbani anamwogesha mtoto. Baba Cletus, wewe umehasi madume mangapi?"

"Mengi."

"Yalikuomba umngoje Joséline?"

Nyuma ya matete kulitoka kitu kilichokuwa nusu cheko na nusu kilio. Halafu pumzi ndefu. Halafu neno moja la Kisukuma ambalo Épiphanie alilielewa vizuri na akaamua kutolielewa.

"Imetokea."

"Kijino unakiona?"

"Nakiona."

"Kikate kwa yale meno. Geuza uso, kisije kikakurukia jichoni." Alisikia mlio mdogo wa chuma. "Sasa ndio unavuta. Irudishe njia ile ile iliyoingilia."

Akahesabu kimoyomoyo. Alipofika tisa, Maduhu alisema, "Imetoka," kwa mshangao wa mtu aliyetarajia kufa.

"Osha na maji ya kwenye chupa yako ya kunywa, siyo ya lambo. Sabuni iko kwenye kopo, narusha. Kisha zahanati, ukachomwe sindano ya pepopunda."

"Nitaenda."

"Kambale yuko wapi?"

"Karudi kwao."

Simu ya Maduhu ikaita. Alikuwa Lukelesha, na alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji simu. Épiphanie alikuwa na Kisukuma cha kununulia maziwa tu, lakini kilimtosha kudaka fuso, ng'ombe, Jumatatu, mkono. Maduhu alieleza kirefu. Kaka alifoka, akacheka, akauliza kitu, akacheka zaidi. Kisha simu ikakatwa.

"Amesema nini?"

"Amesema mwanaume wa mkono mmoja hawezi kupakia ng'ombe. Ameniachia majike mawili na dume. Watatangulia wao, mimi atanipigia baada ya mavuno."

Mavuno yalikuwa miezi mitatu mbele. Épiphanie aliketi kwenye nyasi ghafla. Wiki nzima ya kusema na mahindi, ya kukohoa kama mgonjwa wa kifua, ya perege waliochanika na kambale aliyetoroka, na kumbe kilichombakisha mtu ni ujinga wake mwenyewe.

"Kwa hiyo hukuiambia familia yako kwamba unaweza kuvua," alisema.

"Siwezi kuvua, mama."

"Huwezi kabisa."

"Lakini kung'oa ndoano nimejua."

Hilo lilimuudhi zaidi kuliko yote. Aliinuka, akapangusa kitenge, akamwagiza arudi nyuma hatua kumi. Aliposikia kikohozi, alizunguka matete. Plaizi ilikuwa juu ya jiwe, imeoshwa, imekaushwa, mdomo ukiwa umefungwa kama anavyoifunga yeye. Aliiacha pale pale.

"Hiyo baki nayo," aliyaambia mahindi. "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, tunaanza kwa mkono wa kushoto. Na ile glovu yako uje nayo."

"Ni ya mkono wa kulia, mama."

Épiphanie alichukua kopo lake na kuondoka, kwenda kumweleza Goreth kwamba leo, tena, hakuna samaki.