Mashine ya Kifuniko cha Juu

Mimi nimechoka, na niseme mapema ili mtu asije akanidai uchangamfu nisio nao. Nimechoka kufua. Kila siku nikishaswali alfajiri naingia chumbani kwa mama, namgeuza ubavu, navuta shuka, namvua kanga, nampangusa, namvisha nyingine, halafu naubeba ule mzigo wa nguo mbichi hadi uani. Mama akiwa macho ni mwanamke mwenye haya zake na akili zake zote. Usingizi ukimchukua, mkojo nao unakwenda. Ndiyo maisha yetu hapa Msambweni tangu miguu yake ilipokataa kumbeba.

Kilichoniokoa ni mashine, na sisemi hizi za siku hizi zenye mlango wa kioo mbele. Yangu ni ya zamani, chuma kitupu, weupe wake umegeuka rangi ya maziwa yaliyolala, na kifuniko chake kiko juu. Ukikifunua unaona pipa, na katikati ya pipa umesimama mnara wenye mapezi. Huo mnara ndio unaozipiga nguo, huku na huku, gwaku, gwaku, gwaku. Niliipata Diani, kwenye nyumba ya wageni nilikokuwa nikifanya usafi. Wenyewe walipohama walisema tuchukue kilichobaki. Wenzangu walichukua friji na masufuria. Mimi nikachukua mashine, nao wakanicheka mpaka barabarani. Wacha wacheke. Friji zile zilishakufa zamani.

Nilidhani wazimu huu ni wangu peke yangu, kumbe tuko wengi. Yuko mzee mmoja wa Ukunda, alikuwa dobi mkuu hotelini mpaka akastaafu, na uani kwake amezipanga mashine za kifuniko cha juu kama mwenzake anavyofuga ng'ombe. Yuko mama mmoja wa Kikoneni, mwenye kuendesha yake kwa jenereta. Wako na wengine. Tuna kundi letu kwenye simu, na humo watu wazima, wenye wajukuu, tunatumiana sauti za mashine! Mmoja atarekodi yake ikikamua, mwingine atajibu, "Mashaallah, sikilizeni gia hiyo." Mtu akileta picha ya mashine inayopiga kimuziki ikimaliza kufua, sote tunasonya. Dobi ndiye mwenye maneno zaidi. Kila jambo yeye alilijua kabla yako, kila mashine iliyowahi kuingia pwani ya kusini yeye aliifungua kwa mkono wake. Ukimpa salamu ya shikamoo, marahaba yake inakuja na hadithi nzima.

Tunazipenda kwa nini? Kwa sababu zinafunguka. Umesahau leso, unafunua, unatupia. Unataka nguo zilowe kwanza, unaizima, unakwenda kupika, unarudi. Maji unayaona kwa macho yako, machafu au masafi. Kwa mwenzangu wa Kikoneni hilo ni raha tu. Kwetu sisi, nyumba yenye mgonjwa anayeswali, ni jambo kubwa zaidi.

Mama amelelewa hivi: nguo iliyoingia mkojo haitoki najisi kwa kutumbukizwa kwenye maji machache. Ukiitumbukiza, maji yale nayo yananajisika, na kila nguo iliyomo. Maji ndiyo yaijie nguo, yamwagwe juu yake, yapite, yaende zake. Nguo isiyo twahara haiswaliwi. Basi mashine ikishafua na kutoa maji ya sabuni, mimi naizima. Nafunua kifuniko, naulaza chini mpira wa kutolea maji, nachukua kata, na kwa Bismillahi namwaga maji juu ya nguo, kata baada ya kata, yanapita pipani yanakwenda zake kwenye migomba. Mama huwa namweka kitini pale mlango wa uani, anatazama. Akiridhika husema, "Basi mwanangu, zimetwaharika." Ndipo naiwasha ikamue. Shehe wetu wa mtaani aliwahi kuniambia kwamba mashine yoyote inafaa, mradi maji safi yamepita nguoni. Nikampelekea mama maneno hayo. Akaniuliza, "Yeye ameyaona hayo maji?"

Siku moja, Ramadhani imeshapita, mnara ukagoma. Mota inanguruma, mnara umesimama tuli. Nikamtumia dobi sauti. Akajibu kwamba gia imekwisha meno na kipuri chake si cha kuokota dukani, tuwe na subira. Subira wapi, na mkojo hausubiri? Nikarudi kwenye karai. Kufikicha naweza. Kukamua shuka la kitanda kwa mikono yangu hii, umri wangu huu, ndiko kulikonimaliza. Vifundo vya mikono vikavimba, nikawa siwezi hata kufungua chupa ya mafuta. Mama akaviona. Aliushika mkono wangu akaugeuzageuza.

Ndugu yangu mdogo anakaa Nairobi. Ana moyo mzuri sana, ila ameshachukua maneno ya huko. Akanipigia: "Sista, hiyo kitu ya museum achana nayo. Nimekutumia mashine poa, wewe unabonyeza tu, inajifanyia kazi." Ikaja kweli, inang'aa, mlango wa kioo. Nikamleta mama aione kazi yake. Nikatia shuka, nikabonyeza, mlango ukajifunga, kwa! Tukaona maji kidogo tu chini kule, na nguo zinapinduka na kupinduka katika maji yale yale.

"Nikitaka kuufungua?" mama akauliza.

"Haufunguki mpaka imalize, mama."

Akatazama kidogo. "Nzuri," akasema. "Mungu amlipe mwanangu." Kisha akaomba nimrudishe ndani.

Baada ya hapo shuka zikaanza kupungua kulowa. Asubuhi nyingine nakuta unyevu mdogo tu, nyingine kavu kabisa. Nikamshukuru Mungu. Mama naye akasema amefunga, analipa kadha, zile siku za Ramadhani zilizompita. Nikamwambia, "Mama, wewe ni mgonjwa, kadha huna, na fidia ya kulisha maskini nimeshakutolea." Akanijibu, "Fidia umetoa wewe. Mimi moyo wangu unataka kufunga." Haya, nani atabishana na mamake juu ya Mola wake? Magharibi nampelekea uji, tende, mbaazi za nazi. Atakula tende, vijiko viwili vitatu vya uji, atapiga funda moja la maji, basi, ameshiba. Kesho tena amefunga. Majirani wakija kumjulia hali wanatoka wakisema mama yako huyu ni walii, na mimi kichwa kinanivimba kwa fahari.

Nikafanya na kituko. Niliandika kundini kwamba jamani, hii ya mlango wa kioo si mbaya, mama halowi tena. Hawakunisamehe. Dobi akaandika, "Mwenzetu ameritadi, ametoka dinini!" Wakacheka wiki nzima. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mashine ya kufulia inamzuiaje mtu asikojoe. Na mimi mwenyewe sikujiuliza. Uchovu ukishakupata, ukipewa nafuu huiulizi imetoka wapi.

Asubuhi moja nikaingia chumbani, mama akaniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Nikacheka, nikidhani ni ndoto imembakia. Akaniita tena. Midomo imekauka mpaka imepasuka, macho yameingia ndani. Jirani mwenye gari akatupeleka hospitali.

Muuguzi alimfinya mama ngozi ya juu ya kiganja. Ngozi ikabaki imesimama pale pale, haikurudi.

"Bibi anakunywa maji?"

"Amefunga," nikasema.

"Amefunga tangu lini?"

Nikaanza kuzihesabu siku kwa vidole, vidole vikaniishia. Alinitazama yule binti, akaenda kuleta chupa ya maji ya kumtundikia.

Mama alirudiwa na akili zake alasiri. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikiyatazama maji yakidondoka. Nikamuuliza polepole, "Mama, ulikuwa unafunga kweli, au vipi?"

Akageukia ukuta. "Mikono yako niliiona," akasema. "Nikinywa, nitalowesha. Nikilowesha, utazitia nguo mle mashineni mnamojifunga. Na zikitoka mle, mimi nafsi yangu hainipi kuziswalia. Nikaona bora nisilete nguo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungefua kwa mikono."

Yarabi! Nilikasirika, wallahi sifichi. Nilimkasirikia mama yangu amelala kitandani na sindano mkononi. Nilimkasirikia ndugu yangu na kibonyezo chake, nikajikasirikia mimi na uwalii niliokuwa nikiuringia. Mtu alikuwa anajikausha ndani ya nyumba yangu, kwa adabu, huku akinishukuru kwa kila kijiko cha uji. Nikamwambia, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Basi ungekufa kwa kiu, mama, na nani angekuosha? Si mikono hii hii?"

Mama akanigeukia, akanikodolea. Halafu akacheka, na mdomo uliopasuka ukatoa damu kidogo, nami nikampangusa kwa pembe ya mtandio.

"Hapo umenipata," akasema. Lakini nilipomsogezea kikombe, alilowesha ulimi tu. Maji ya kwenye mpira wa sindano hakuwa na uwezo nayo. Ya kikombe yalikuwa yake, na alikuwa bado hajakubali. Muuguzi akaniambia nje kwamba watamruhusu, lakini asipokunywa nyumbani nitamrudisha, na safari nyingine mwili wa uzee ule hauna ahadi.

Nikaenda kusimama nyuma ya wodi, nikalia, nikapenga kamasi, nikalifungua lile kundi letu la wazimu. Nikawaeleza kila kitu bila mzaha. Nikaeleza na mkojo, na kiu, na kadha za uongo. Kisha yule mama wa Kikoneni, ambaye sijawahi kuonana naye uso kwa uso, akaandika: "Yangu ni ya aina hiyo hiyo. Ing'oeni gia mumpelekee bibi. Mimi nitafua kwa karai, mikono yangu bado mizima." Niliyasoma maneno yale mara nyingi. Mashine ile alikuwa akiisifia kundini kila siku ya Mungu.

Dobi ndiye aliyekwenda kuing'oa. Mama alipokwisha ruhusiwa, akafika kwangu juu ya bodaboda, gia ameipakata kama mtoto, imefungwa ndani ya kikoi. Hajashuka vizuri maneno yameshaanza: jinsi bolti zilivyokuwa na kutu, jinsi fundi mwingine yeyote angelishindwa. Akaifungua mashine yangu, akatandaza vyuma uani kote. Alipoirudisha na kutia maji, maji yakamwagika chini yote, yakamlowesha suruali. "Hiyo ilikuwa ni kujaribu," akasema. Ebo! Nikamwambia ajaribu tena kwa makini zaidi maana kisima changu si bahari. Akaifungua upya huku akisonya, akagundua ameusahau mpira wa kuzuia maji mfukoni mwake mwenyewe.

Mara ya pili maji hayakumwagika. Nikamtoa mama, nikamweka kitini pale mlangoni. Nikatia shuka na kanga zote zilizopita kwenye ile mashine ya kioo, hata zilizokuwa kavu kabatini, maana nilijua ndizo zilizomkaa moyoni. Mnara ukazunguka. Gwaku, gwaku, gwaku. Mama akafumba macho akisikiliza. Maji ya sabuni yalipotoka nikafunua kifuniko, nikachukua kata. Mikono ilikuwa ikiniuma, lakini kata si kukamua, kata naiweza. Nilimwaga mpaka mabega yakafa ganzi. Mama alikuwa bado hajaridhika, nikamwaga tena. Dobi alikuja kunipokea kata, mama akamwambia, "Mwache, baba, hiyo ni kazi ya mwanangu." Akarudi kukaa juu ya ndoo.

"Zimetwaharika," mama akasema mwishowe. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu cha kawaida kabisa, "Nipatie maji ninywe."

Nikamletea kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, nikalisikia koo lake. Akanirudishia. "Ongeza," akasema.

Ndugu yangu sikumwambia. Mashine yake nafulia nguo zangu na mapazia, na akipiga simu namwambia inafanya kazi vizuri, na si uongo.

Asubuhi iliyofuata nilimaliza kuswali nikaingia chumbani kwa mama. Harufu ilinipokea mlangoni. Nikapeleka mkono: shuka limelowa, kanga imelowa, maji yamepenya mpaka godoroni. Mama alikuwa macho, amejifunika uso.

"Nimekulowesha tena, mwanangu," akasema. "Nisamehe."

"Lowesha, mama," nikamwambia. "Lowesha tu."

Nikamgeuza ubavu, nikalivuta lile shuka. Lilikuwa zito la maji. Badala ya kulitupia kwenye beseni nikasimama nalo nimelikumbatia kifuani, nikalia, sijui kwa furaha au kwa kuchoka, mpaka likanilowesha gauni nililotoka kuswalia. Nikalivua na gauni, nikalitia kwenye mzigo.