Mama Mkwe Alivyozungumza na Mashua

Ndugu yangu aliacha mashua yake katika ua wa parseli yetu kwa sababu, alisema, mimi ni mlinzi wa bure: sitoki nyumbani hata kwa kufukuzwa. Ni mashua ndogo yenye moteri ndani ya tumbo lake, na mpira mnene unaotoa moshi na maji nje kwa nyuma. Mpira ulikuwa umepasuka. Moshi na maji vilibaki ndani pamoja na abiria.

Mimi ningeuacha hivyo. Lakini mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Sakania, na Jumatatu angerudi. Alizaliwa kando ya ziwa huko kaskazini, akaolewa na mtu wa reli, na tangu hapo maji mengi aliyoyaona ni ya pipa. Mke wangu akamwahidi ziwa Jumapili. Hakuniuliza, alinipa bisibisi tu.

Mpira wa zamani niliukata kwa kisu. Mpya ukakataa kuingia kwenye bomba. Mke akaenda kuchemsha maji ya kuulainisha. Mimi nikabaki kichwa chini katika shimo la moteri, matako juu, nasukuma. Ndipo sapatu zikasimama nyuma yangu. Kikohozi kilichofuata kilikuwa cha mama mkwe.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Ndiyo heshima ya buko. Uso wangu ulikuwa umefichwa vizuri kabisa. Kilichobaki nje ndicho kilichokosa heshima, na nikiachia mpira, unateleza.

Akaisemesha mashua. "Bwato, hii kintu kikubwa iko juu yako, ni moteri?"

"Bwato inasema hapana, Mama," nikajibu shimoni. "Ni muntu, iko anatumika kazi."

"Ah. Nilizani ni gunia ya bunga. Basi umwambie kesho niko naenda ku maji. Akishindwa, nitakaa hapa mwezi muzima, nimungojee."

Mpira ukaingia mpaka mwisho. Nikakaza kolye zake, zile pete za chuma za kuubana, na maji ya mke wangu hata hayajapata moto.

Jumapili, ziwani, mama mkwe alikaa mbele akinipa mgongo, mke katikati kama ukuta, mimi nyuma kwenye usukani. Ndani ya mashua palikuwa pakavu. Mama mkwe alichovya mkono majini. Kisha akapapasa ubao.

"Bwato, ule muntu umwambie aksanti. Ningemusalimia hata mu njia, lakini shida iko moja: njo upande wake wa nyuma tu ninajua."