Mashine Ilikataa Kutoa Pete

Juzi kanisa letu la hapa Walthamstow, London, lilikodi basi likatupeleka mashambani kupanda gari la moshi la zamani. Binti yangu ndiye aliyeniandikisha. Ningejua tunakwenda kuona nini, ningebaki kitandani, maana wiki nzima nilikuwa nikiwaogesha wazee wa watu na mgongo ulikuwa umekufa ganzi.

Tukafika kwenye stesheni ndogo, maua yamepandwa kwenye ndoo kuukuu. Mzee mmoja Mzungu, amevaa kizibao na saa ya mnyororo, akatusimulia historia ya njia yao. Ilijengwa kubeba maziwa na mawe. Serikali ikaifunga, reli zikamezwa na miiba. Halafu wanakijiji wenyewe, mwalimu, fundi bomba, muuza nyama, wakawa wanakwenda kila Jumamosi kufyeka, miaka na miaka, mpaka injini ikatembea tena. Mama mmoja wa kanisani akaninong'oneza sikioni, "Wazungu hawa! Kwetu chuma chote hiki kingeshakuwa sufuria na majembe." Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, mdomo tu.

Injini ikapiga honi. Unajua, sikusikia kitu moyoni. Niliona tu mikono yangu imeshika mkoba kwa nguvu.

Wewe nimeshakuambia nilizaliwa kwenye landhi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli, kule bara Kenya. Baba alikuwa fayamani, mtu wa kuangalia moto wa injini. Ya hawa Waingereza inakula makaa ya mawe. Yetu ilikula mafuta mazito, meusi kama lami, na baba alirudi nyumbani akinuka hayo mafuta hata baada ya kuoga mara mbili. Gari likisimama, sisi watoto tulikimbia na madebe, na baba alitufungulia maji ya moto kutoka kwenye injini. Mama alifulia hayo hayo. Shuka zetu zilikuwa na harufu ya chuma. Viazi vitamu baba aliviivisha ndani ya kopo, juu ya mlango wa moto, na kiazi kama kile sijala tena, hapa wala kwetu.

Njia ilikuwa moja, magari ya kwenda na ya kurudi yanapokezana. Kwa hiyo kulikuwa na pete, duara kubwa la chuma lenye mfuko wa ngozi, ndani yake kibao kinachotoka kwenye mashine nyekundu ofisini kwa stesheni masta; vyote tuliviita pete. Dereva asiye na pete mkononi haondoki. Kama kuna gari njiani, mashine haitoi pete nyingine, hata uivute vipi. Baba alikuwa akisema, "Pete ndiyo mama yetu. Hata bosi hawezi kumpita."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mimi na mama tulikuwa tunapanda behewa la mwisho, la gadi, yule msimamizi wa gari, kwenda sokoni. Mama akanituma nimpelekee baba chai. Nilikuwa nimesimama chini ya injini, kopo linaniunguza vidole, nikamwona stesheni masta anakuja mikono mitupu.

"Pete iko wapi?" dereva akauliza.

"Mashine imegoma tena. Unaijua ilivyo, kila wiki inakwama. Nendeni tu."

"Bila pete, bwana mkubwa?"

"Mzee, unataka tuzeekee hapa? Mimi ndiye nasema. Ondoka!"

Baba akapokea chai, akanitazama, akacheka. "Haya mama, bosi amempita mama yetu leo. Kimbia kwa gadi."

Mashine haikuwa imekwama. Kulikuwa na injini ya kubeba kokoto inakuja kutoka upande wa pili, na pete ilikuwa kwao. Tulikutana nayo kwenye kona, nyuma ya mashamba ya mkonge. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika, mama na mbavu. Baba na dereva hawakutoka.

Sasa nakutajia waliofanya, maana nimenyamaza vya kutosha. Stesheni masta wetu ndiye aliyewaondoa, halafu akaapa mbele ya inspekta kwamba waliondoka wenyewe kwa kiburi. Gadi alijua. Bila pete hakupaswa kupunga bendera ya kijani, lakini alipunga, na alipoulizwa akasema hakuona. Inspekta akaandika kosa ni la marehemu, kwa sababu marehemu habishi. Mimi nilisikia kila neno, na hakuna aliyeniuliza. Mwezi ule ule tukatolewa landhi. Shule yangu ikaishia darasa la nne.

Mzee wa kizibao akatuingiza ofisini. Mashine ile ile, nyekundu ile ile. Akatoa pete moja, akamwambia binti yangu ajaribu kuvuta ya pili. Akavuta mpaka mishipa ikamtoka, ikakataa. "Hii haikosei kamwe," mzee akasema kwa fahari. Akanipa pete niishike. Nyepesi. Miaka yote nilidhani ni nzito.

Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza chake kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa.

Kule kwetu reli ziling'olewa. Ofisi haina paa, landhi wamefuga mbuzi. Stesheni masta alistaafu, akazeeka, akafa kitandani kwake, akazikwa na hotuba. Hakuna wa kumshtaki tena, wala wa kwenda na panga Jumamosi kufyeka.

Mlangoni kulikuwa na daftari la wageni. Watu wameandika siku nzuri, keki nzuri. Nikachukua kalamu, nikaandika jina la baba kamili, na chini yake, kwa Kiswahili, mwandiko wangu wa darasa la nne: Hakuondoka mwenyewe. Aliamriwa. Nilikuwepo.

Binti yangu akasoma juu ya bega langu, polepole, neno kwa neno. Halafu akaniuliza, kwa Kiswahili, "Mama, nani alimwamuru?"

Ndani ya basi nikamweleza, mpaka London.