Maziwa Yaliyomwagwa Mgombani

Juzi katika darasa la watu wazima, tulipomaliza kusoma ubaoni, mwalimu alituuliza swali la kutuchangamsha: ugonjwa ukiingia katika nyumba, yaya aendelee na kazi au akae kwao mpaka wapone? Akina mama wakagawanyika. Mmoja akasema yaya anatakiwa siku ya ugonjwa kuliko siku ya uzima, kama vile mwavuli unavyotakiwa siku ya mvua. Mwenzetu mmoja wa kijiji cha Masoko, anayeuza ndizi hapa sokoni Tukuyu na hana simile na mtu, akasema, "Mwavuli haukohoi."

Tukacheka wote. Na mimi nilicheka. Niliwahi kuwa yaya hapa hapa Tukuyu na jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu, nami si mwepesi wa kusema mbele za watu. Basi naliandika. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo penye makosa nisamehewe. Penye uonevu pia nisamehewe, maana aliyeumia husimulia upande wake.

Ilikuwa miaka ile watu walipoanza kuambiwa habari za kuhamia vijiji vya ujamaa, na kila mtu akawa anaitwa ndugu. Binti yangu alikuwa na miezi kumi. Baba yake alikwenda Zambia kwenye migodi ya shaba na habari zake zikakatika. Nikamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, nikamwacha Masoko kwa mama yangu, nikaja kutafuta kazi. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: nipate chumba changu mjini nimchukue kabla hajasahau kuwa mimi ndiye mama yake. Kila wiki mbili nilikwenda kumwona, kwa miguu au kwa lori la kahawa nikibahatika, na kila nilipofika alinijia akitambaa upesi mpaka anaangukia uso.

Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa ya mwalimu wa kike wa shule ya msingi na mumewe. Mume alikuwa mtumishi wa serikali, kazi yake kuzunguka vijijini, anarudi nyumbani na matope mpaka magotini. Siku ya kwanza aliniambia kwamba katika nyumba yake hakuna mtumishi, kuna ndugu. Nisiseme uongo, hayakuwa maneno matupu. Nilikula nao meza moja, na nyama ilipokuwa kidogo ilikuwa kidogo kwetu sote. Mama mwenye nyumba aliniita mdogo wangu. Watoto walikuwa watatu: wa kiume aliyekaribia kuanza shule, wa kike aliyemfuata, na kitinda mimba wa kiume aliyepita mwaka kidogo, bado ananyonya. Wale wakubwa wawili waliniita dada.

Kikohozi kilianza kwa yule mkubwa wakati wa masika. Mama yake akampeleka hospitali, akarudi na chupa ya dawa ya maji. Nikamwuliza wamesemaje.

"Baridi ya huku," akasema. "Hawa walizaliwa Morogoro, walizoea joto."

Niliamini, na sioni kwa nini nisingeamini. Masika ya Tukuyu nguo inakaa kambani siku tatu na bado inanuka maji. Nani asiyekohoa? Baada ya siku chache na yule wa kike akaanza. Kikohozi kikabadilika. Mtoto anakohoa mfululizo mpaka macho yanamtoka, pumzi inakwisha, halafu anaivuta kwa mlio kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika, kisha anatapika. Nilikuwa nawashika kipaji cha uso, nawafuta, nabadilisha shuka, nafua. Neno kifaduro nilikuwa nimelisikia utotoni lakini ugonjwa wenyewe sikuwahi kuuona. Mtu mwingine labda angetambua. Hilo nimejiuliza mara nyingi.

Wiki hiyo hiyo mama akasema anamwachisha mdogo ziwa, anampeleka kwa bibi yake, kijijini Matwebe. Sikushangaa hata kidogo. Ndivyo tunavyofanya huku: mtoto anaachishwa kwa bibi, asione ziwa, asisikie harufu yake, mpaka asahau. Wangu mwenyewe nilimwachisha hivyo. Baba yao akaja na gari la serikali, akamchukua. Mama alisimama mlangoni mpaka mlio wa gari ukapotea kwenye kona, na mimi nikasimama nyuma yake nikimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Nikamwambia ziwa atalisahau, lakini yeye hatamsahau. Nikamfunga kifua kwa kanga nikikaza sana, kama mama yangu alivyonifunga mimi, nikamkumbusha kwamba maziwa yakimzidi ayakamue juu ya majivu ya moto ili yakauke.

"Ndaga fijo, mdogo wangu," akanishukuru. Katika nyumba ile Kinyakyusa hakikuzungumzwa sana, walipenda watoto wasikie Kiswahili. Kwa hiyo asante ile niliiona kubwa. Nililala nikiwaza kwamba mwalimu na mimi sasa tumekuwa wa namna moja.

Siku iliyofuata nilikwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni nikamkuta amefungua ile kanga, anakamulia maziwa ndani ya kikombe cha chai. Alipomaliza akayamwaga kwenye shina la mgomba.

Mtu asiye wa huku hataona kitu hapo, kwa hiyo nieleze. Kwetu tulifundishwa kuwa maziwa unayotaka yakauke unayamwaga kwenye moto. Unayotaka yasikauke, labda umetengana na mtoto kwa siku chache tu, unayamwaga penye ubichi, na hakuna penye ubichi kama shina la mgomba. Hata usipoamini hayo, kila mwanamke aliyenyonyesha anajua kwamba ziwa likikamuliwa kila siku halikauki. Mama yule alizaliwa Rungwe hii hii. Lakini mimi nilisema moyoni, masikini, kusoma kumemsahaulisha mambo ya nyumbani. Nikamkumbusha tena habari ya majivu. Akaniambia maumivu yanamsahaulisha. Akaendelea hivyo kila asubuhi kabla ya shule na kila jioni, na mimi nikaendelea kumhurumia.

Jumamosi yangu ya kwenda Masoko ikafika. Mimi mwenyewe nilikuwa na kikohozi kidogo, cha kuwasha koo tu. Nikamwuliza kama si vizuri nibaki, kwa jinsi watoto walivyo. Ningemsikiliza kama angesema nibaki, na ningekuwa nimekasirika, nakubali. Akawatazama watoto.

"Nenda," akasema. "Mtoto anakungoja."

Akanipa sukari ya kumpelekea mama yangu na sweta dogo lililowabana watoto wake. Nilikwenda nimefurahi. Binti yangu alilala juu ya kifua changu siku ile. Nilimtafunia ndizi nikamlisha kutoka mdomoni mwangu, kama tunavyowalisha wote.

Siku kadhaa baadaye, nikiwa sokoni, aliniita huyu huyu muuza ndizi ambaye leo nasoma naye darasa moja. Alikuwa ametoka Masoko alfajiri. Hakuzunguka maneno: mtoto wangu anakohoa mpaka anakuwa mweusi kama chungu, niende. Nilirudi nyumbani mbio kuomba ruhusa. Mama mwenye nyumba alikuwa anasahihisha madaftari. Aliposikia alikaa na kalamu mkononi bila kuiweka chini wala kuandika. Kisha akainuka, akatoa ile chupa ya dawa ya watoto wake, ilikuwa zaidi ya nusu, akanipa yote.

"Nenda leo leo," akasema. "Mpe kijiko kidogo kila anapotapika."

Wema ule nauandika kwa sababu ulikuwa wema. Dawa ilisaidia, au nafikiri ilisaidia. Sikujiuliza wakati ule alijuaje kwamba mtoto wangu atakuwa anatapika.

Nilipofika, mama yangu alikuwa amempakata. Mtoto akavuta pumzi kwa ule mlio wa jogoo, na mama yangu akasema ni kifaduro, akaniuliza nimekitoa wapi. Nilitaka kujibu, nikakohoa. Akanitazama. Hakunigombeza. Aliniambia tu nikakae barazani, na hapo ndipo nilipokaa siku zote zile, mtoto akininyooshea mikono kutoka ndani na bibi yake akimrudisha kifuani. Kulikuwa na siku tulifikiri hatafika jioni. Alifika. Alipoanza kula, mama yangu alinitoa mpaka njiani akaniambia nisirudi mpaka yeye atume neno, maana nyumba ile ya Tukuyu bado inakohoa na mtoto hana nguvu ya kuugua mara ya pili. Nilikubali. Alikuwa na haki.

Tukuyu nikamweleza mama mwenye nyumba kwamba kwetu wamesema ni kifaduro. Akashika shavu. Akasema basi labda na hawa ni hicho, hospitali hawakujua. Nikamfariji. Mimi ndiye niliyemfariji, nikamwambia wote tumedanganyika.

Watoto walipona polepole. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, neno kutoka Masoko halijaja. Siku moja gari likaleta yule mdogo kutoka Matwebe. Amenenepa, anatembea. Nilikuwa nakunja nguo sebuleni. Mama yake akampakata kwenye kiti, na mtoto, bila kuuliza mtu, akaivuta kanga ya mama yake akashika ziwa. Akanyonya. Nikasubiri aliache, maana ziwa la mama aliyeachisha halina kitu. Hakuliacha. Maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo, yakateremka mpaka kidevuni.

Niliendelea kukunja shati lililokuwa mkononi. Nilikumbuka kikombe cha chai, nikakumbuka mgomba.

"Mama," nikasema, "huyu hakuachishwa."

Akamfuta mtoto kidevu kwa pembe ya kanga.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ile ya hospitali," akasema. "Daktari alisema kifaduro, na kwamba mdogo aondolewe, kwa sababu wadogo ndio wanaokufa."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema yaya aliyekuwapo kabla yangu aliondoka siku watoto walipougua surua, na mumewe hakuwapo, na shule isingemngoja. Hayo niliyaelewa. Hata leo nayaelewa. Nikamwambia sawa, usingeniambia ugonjwa, lakini ile Jumamosi si ungenizuia tu.

"Ningekuzuia," akasema, "ungeuliza kwa nini."

Alikuwa analia, na mtoto bado ananyonya. Akaniuliza, "Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningekuambia."

Nilijibu upesi mno. Nimelirudia jibu lile miaka hii yote na sijui kama ni kweli. Labda na mimi ningemficha wangu kwanza, ndipo nifikirie wa mwenzangu. Lakini najua nisingekubali anifunge kifua. Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Angeweza kuniambia hataki kufungwa, nami nisingeuliza. Badala yake alisimama na mikono juu, akaniacha nimkaze ile kanga kwa nguvu zangu zote, akanishukuru kwa lugha ya kwetu.

Na huenda hata ugonjwa haukutoka kwangu. Masika yale kulikuwa na kikohozi kila mahali, mpaka Kawetele. Hilo nalo naliandika ili nisiwe nimelificha.

Sikuondoka siku ile. Mwalimu alikuwa na mitihani na watoto hawakuwa na kosa. Nilikaa mpaka Jumamosi, nikafua kila kitu, nikawaaga. Mume alirudi siku hiyo, akasema ndugu hawaachani hivi. Nadhani hakuambiwa yote. Nami sikumwambia.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwalimu wa darasa lingekuwa hili: mimi ningefanya kazi. Ningewashika vipaji vya uso wale watoto kama nilivyowashika, na nisingekwenda Masoko hata kwa miezi. Kubaki ningechagua mwenyewe. Kwenda kule ndiko alikonichagulia mtu mwingine.

Neno la mama yangu nililikuta njiani kwa mtu aliyekuwa anakuja kuniita, amelituma siku ile ile niliyoondoka. Nilipofika, binti yangu alikuwa amesimama uani. Alikuwa anatembea sasa, na sikuwapo alipoanza. Nilichuchumaa nikamfungulia mikono. Akanitazama, akarudi nyuma, akaenda kushika nguo ya bibi yake.

"Mwamkie," mama yangu akamwambia. Akaniamkia kwa jina alilolisikia kwa wadogo zangu pale nyumbani. Akasema, "Dada."

Nikamenya ndizi mbivu nikamnyooshea. Hakuja. Nilikaa nimeinyoosha mpaka mama yangu akaichukua mkononi mwangu, akampa yeye. Ndizi ile ile, ilipotoka kwa bibi, akaila.